Kiini kimoja kinatoka jasho, vitatu vimelala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala mliyoichapisha wiki mbili zilizopita, ambamo mwandishi alisikitika kwamba vijana wetu hawataweza kujifunza ukokotoaji sambamba, yaani kugawa kazi moja ya kompyuta ili sehemu zake zitendeke kwa wakati mmoja, mpaka vyuo vipate mashine za mabilioni ya shilingi. Nafundisha kompyuta hapa Moshi, huu ni mwaka wa tisa, na kwa heshima zote sikubaliani naye. Mashine za kujifunzia tunazo, nyingine za mtumba, na lugha ya kuzitumia, iitwayo Cilk, inapatikana bure.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, ambaye wazazi wake wana kihamba cha kahawa na migomba upande wa Kibosho, aliandika programu kwa C, lugha ya kuandikia programu, ya kukagua picha za majani ya mibuni na kuhesabu yale yenye madoa ya kutu. Alikuwa na picha 2,000, na kazi ilichukua dakika 40. Nilimwambia aiendeshe tena huku amefungua dirisha linaloonyesha mzigo wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Prosesa ya kompyuta ile ina viini vinne, yaani sehemu nne ambazo kila moja inaweza kufanya kazi yake peke yake: mstari wa kiini kimoja ulikuwa umegota juu kabisa, na mistari ya vile vitatu ilikuwa imelala chini, ikitikisika kidogo tu. Akanigeukia: "Mwalimu, kwa hiyo robo tatu ya mashine haina kazi?" Nikamjibu kwamba ndivyo ilivyo kwa karibu kila programu inayoandikwa darasani kwetu.

Chanzo chake kinajulikana. Hadi kwenye mwaka 2004 hivi, watengenezaji wa prosesa walikuwa wakiongeza mwendo wa kila kiini, na programu ya zamani ikawa inakimbia zaidi bila mwandishi wake kugusa chochote. Joto likawazuia, wakageukia kuongeza idadi ya viini. Tangu hapo anayeandika programu kwa mtindo wa hatua moja baada ya nyingine ananunua viini vinne na kutumia kimoja, na mitaala mingi niliyoiona bado inafundisha mtindo huo peke yake.

Lugha niliyompa kijana huyo ndiyo hiyo Cilk. Ilianzia katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1994, katika kundi la Profesa Charles Leiserson, na ni C ile ile iliyoongezewa maneno machache. Neno "cilk_spawn" husema kazi hii inaweza kwenda sambamba na inayofuata. Neno "cilk_sync" husema tusubiri hapa mpaka kazi zote zilizotumwa zikamilike. Na "cilk_for" hugawa mizunguko ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa tena na tena, ambayo katika C ya kawaida huanza na "for". Ukiyaondoa maneno hayo, inabaki programu ya kawaida ya C inayotoa jibu lile lile, jambo ambalo kwa mwalimu ni neema kubwa, kwa sababu mwanafunzi haanzi upya. Wala hahitaji kujua mashine ina viini vingapi. Yeye anaonyesha tu panapogawanyika, na mpangaji kazi wa Cilk, ambaye ni programu wala si mtu, anagawa mwenyewe wakati programu inaendelea.

Namna anavyogawa inaitwa kuiba kazi, jina baya kwa jambo jema. Aliyewahi kupalilia kwa msaragambo ataielewa mara moja. Kila mtu ana mistari yake, na aliyemaliza hakai kivulini. Huenda kwa mwenzake aliyezidiwa, akaanzia upande wa mbali ili wasigongane majembe. Vivyo hivyo kila kiini kina foleni yake na hutumia kazi iliyoingia karibuni zaidi. Kikiishiwa, humchagua mwenzake kwa kubahatisha na kumwibia ile iliyokaa muda mrefu kuliko zote, ambayo kwa kawaida ndiyo kubwa. Anayelipia gharama ya kuhamisha kazi ni yule asiyekuwa na kazi, na mwenye shughuli hasumbuliwi sana. Asidhani mtu kwamba ni mchezo wa darasani: programu ya sataranji iliyoandikwa kwa Cilk ya mwanzo ilishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya kompyuta huko Hong Kong mwaka 1995.

Tukarudi kwenye majani ya mibuni. Kijana aliweka "cilk_for" mahali pa "for", na dakika 40 zikashuka hadi 11. Hazikuwa 10 kamili kwa sababu picha zilisomwa kutoka kwenye diski ya zamani yenye mlango mmoja, na hapo viini vyote vilipanga foleni. Mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, aliieleza hali hii tangu mwaka 1967: ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, hata ukileta viini elfu moja hutazidi kasi ya mara 10.

Lakini furaha yetu ilikatika. Programu ya kwanza ilikuwa imehesabu majani 617 yenye kutu; hii mpya ilileta 613, tukairudia ikaleta 608, kisha 611. Kosa hili ndilo somo lenyewe, na mashine ya mabilioni isingeliepusha. Chukua makarani wawili wa SACCOS wanaosoma salio la shilingi 50,000 kwa pamoja. Mmoja anaongeza 10,000 na kuandika 60,000, mwingine anaongeza 20,000 na kuandika 70,000 juu yake, na elfu kumi za mwanachama zimeyeyuka bila mwizi. Viini vyetu vilikuwa vikigombea kihesabio kimoja namna hiyo hiyo. Toleo la sasa, OpenCilk, lina chombo kiitwacho Cilksan ambacho hukagua programu na kutaja mstari wenye ugomvi, nacho kilitutajia wetu. Dawa ilikuwa kumpa kila mmoja kihesabio chake cha pembeni na kujumlisha mwishoni. Majani yakarudi 617, na yakabaki hapo.

Zipo lugha nyingine, na Cilk ya leo ina mipaka: hufanya kazi ndani ya mashine moja, haiunganishi kompyuta kumi ziwe moja. Pia imewahi kuyumba. Intel, watengenezaji wa prosesa, waliinunua kampuni iliyokuwa ikiiendeleza mwaka 2009, wakatoa toleo lao, kisha wakaliacha, na mwaka 2018 GCC, kompaila (yaani programu inayotafsiri maandishi ya mwandishi wa programu kuwa lugha ya mashine), nayo ikaliondoa. Kama msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, ungekuwa umefungiwa kabatini mwa kampuni, tungekuwa tunafundisha lugha mfu. Kwa kuwa ulikuwa wazi, watu wa MIT waliendelea nayo, na sisi huku tunaipakua bila kumwomba mtu leseni. Kwa chuo kinachohesabu hata karatasi za mtihani, hilo si dogo.

Ninachoomba kwa wakuu wa idara za kompyuta, hapa Moshi na kwa wenzetu wa Arusha, ni muhula mmoja tu wa somo hili kwa mashine zilizopo. Na mwandishi wenu akija tena huku, apite darasani siku ya Jumamosi asubuhi, umeme ukiwepo, tumfungulie lile dirisha la prosesa ajionee mistari minne ikipanda pamoja.

Mwalimu wa Kompyuta,
Moshi