Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: vibarua warudishiwe vitambulisho vyao

Mheshimiwa, salaam aleykum. Mimi ni mama ntilie hapa Tanga mjini, nauza chakula karibu na saiti ya jengo moja la serikali. Kontrakta simtaji, nataka tu ujue ninachokiona kwenye daftari langu la madeni.

Wale vijana vibarua wa hapo saiti wanakula kwangu kwa mkopo mwezi wa tatu sasa, na sio wakorofi, hela hawana. Dalali aliwatoa kwao Kigoma akawaambia kuna kazi ya serikali, 15,000 kwa siku na pa kulala bure, kufika huku nauli ikawa deni, hela ya dalali deni, godoro deni, na vitambulisho vya NIDA nyapara kavikusanya siku ya kwanza eti anaandikisha majina, mpaka leo hajarudisha. Mmoja kafiwa na mama yake, akaomba ruhusa akazike, akaambiwa maliza deni kwanza. Alikaa kwenye benchi langu analia mpaka chai ikapoa.

Babu yangu alikuja Tanga toka hukohuko Kigoma enzi za mkoloni, manamba, yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, siku 30 za kipande, kadi yake ya kazi, zijae ndo alipwe. Mpaka anakufa neno manamba alikuwa hataki kulisikia.

Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu tunayo toka 2008, watu wanadhani ni ya wasichana wa Uarabuni tu kumbe kumtumikisha mtu kwa deni nako kumo. Ila polisi wanakuja watu wameshaumia, mimi naomba ianzie kwenye zabuni. Mwanangu anasoma manunuzi chuo, kanionyesha Marekani Obama alisaini amri 2012, mwenye kandarasi ya serikali marufuku kumtoza mtu hela ya kupata kazi wala kumshikia pasi yake, na subkontrakta, yule anayepewa kazi na kontrakta, naye anabanwa. Hapo kwa subkontrakta ndo penyewe, maana huku kontrakta anasema hao sio wangu ni wa fundi, fundi anasema muulize dalali, na dalali simu hapokei.

Waambie halmashauri zako waandike hayo kwenye mkataba kabla hawajasaini, na kontrakta asilipwe awamu inayofuata mpaka afisa kazi amekaa na vibarua wenyewe, nyapara asiwepo. Aje saa saba mchana, ndo wanatoka kula, benchi zipo.