Barua kwa Sesilia kabla matokeo hayajatoka

Isongole, Rungwe
12 Novemba 2023

Mpendwa Sesilia,

Kamwene, ndugu yangu. Sisi huku wazima, ila baridi mwaka huu imekataa kuondoka. Jana saa nne asubuhi bado tulikuwa na jiko la mkaa ofisini, watoto wanafuta vioo kwa viganja waone nje. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Nimeona nikujibu kwa karatasi, kwanza kwa sababu mtandao wa hapa unaujua, pili kwa sababu nina ombi, na ombi la namna hii kulitupa kwenye meseji ni kukosa adabu.

Umeniuliza kwa utani, lakini najua ulikuwa unauliza kweli: mna nini nyie watu wa Mbeya? Mwezeshaji wa semina yenu ya ndoa za utotoni kawaonyesha takwimu za 2010: Shinyanga asilimia 59 ya wasichana waliolewa kabla ya kufika miaka 18, Mbeya 45, Iringa 8. Nyie wa Iringa mkapiga makofi. Makofi yenu siwanyimi. Lakini wewe na mimi tunajua mabinti wa Iringa wanakwenda wapi wakimaliza la saba. Wanapanda basi la Dar es Salaam wakalee watoto wa watu na kufua. Hawaolewi, sawa, ila na shule nayo hawaioni. Hilo hakuna aliyeliwekea asilimia.

Huku kwetu watu wa semina wakija wanasema ni umaskini, halafu wanasema ni mila, halafu wanakula chakula cha mchana na kuondoka kabla mvua haijaharibu barabara. Sibishani nao. Ila umaskini una sura yake kila mahali. Kuna mzee mmoja jirani yetu hapa ana ekari moja na nusu ya viazi, mbolea kakopa. Tajiri anakuja na Fuso, anafunga lumbesa mpaka gunia linavimba kama limemeza gunia jingine, analipa bei ya gunia moja. Mzee anabaki na hela ya deni na ya chumvi. Na ndani ana binti anayesoma vizuri. Ada ilifutwa tangu 2016 mpaka kidato cha nne, ni kweli, lakini shule ya kata iko mbali na bweni hakuna. Mtoto itabidi apangishiwe geto, yeye na wenzake wawili, wote wa miaka 14, wajipikie, wajifungie mlango wenyewe. Vijana wote wa bodaboda wanaujua mlango huo.

Nilikwenda kwake nikamwambia yote tunayofundishwa kuyasema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akaniuliza: "Sasa mwalimu, kati ya geto na ndoa, kipi kitaniletea aibu?" Sikuwa na jibu, Sesilia. Mzee yule hana roho mbaya. Kapiga hesabu kwa namba alizonazo, na kwa namba hizo hesabu imetoka: ng'ombe wanaingia, mdomo mmoja unatoka, aibu inapita mbali.

Binti yake ndiye yule niliyewahi kukusimulia, aliyekuwa akimaliza hesabu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Alifanya mtihani Septemba 2021. Matokeo yalipotoka nilidhani wamechanganya namba za watahiniwa. Mbuzi akipita juu ya ile karatasi ya majibu angepata zaidi. Januari akaolewa, ana miaka 15 na miezi minne. Nilichanga shilingi 20,000 na kitenge, nikala pilau, nikapiga vigelegele na wenzangu. Usinitafutie utetezi.

Juni mwaka huu nilimkuta barabarani kando ya Fuso, mtoto mgongoni, anahesabu magunia ya mumewe. Tajiri anasema 31, yeye anasema 33. Wakahesabu upya, 33. Mume akapokea hela akaingia dukani, yeye akabaki kanipigia goti, "Shikamoo, mwalimu." Nikamuuliza kuhusu ule mtihani, maana ulikuwa umenikaa kooni. Akacheka akiangalia chini. "Nilisiliba jibu B, mwalimu. Maswali yote. Baba alisema nikifaulu atauza shamba." Kisha akamsogeza mtoto mgongoni, akasema polepole kama anayekiri dhambi, "Ila lile la mwisho la hesabu nilijibu kweli. Lilikuwa zuri."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na sikuandikii hivi kwa ajili ya semina yako.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja nyumbani, ukamkuta mama mdogo anayekula peke yake kwenye kile kibanda cha nyuma? Hukuuliza, nami sikusema. Aliolewa na miaka 14. Uchungu ulimchukua siku tatu, nyonga zenyewe zilikuwa bado za mtoto. Kichwa cha mtoto kikakaa pale pale kikibana mpaka nyama ikafa, mtoto akatoka amekufa, na tangu siku hiyo mkojo ukawa unamtoka bila kujua. Mume akamrudisha. Alilalia majani makavu ya migomba ili asubuhi ayachome. Sisi watoto tuliambiwa karogwa. Neno fistula, jina la ugonjwa huo, nililisikia nikiwa chuoni, na nilipolisikia nilitoka darasani. Alikaa hivyo miaka kumi na mbili, hadi nesi mmoja alipotuambia kwamba hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wanashona bure. Aliporudi, Jumapili ya kwanza alikwenda kanisani akakaa benchi la mbele, katikati ya watu.

Sasa ombi.

Mwaka huu nina binti mwingine. Baba yake alifariki, mama ni mjane, anauza ndizi pale njia panda. Mtoto kamaliza la saba mwezi wa tisa na safari hii nina hakika atafaulu, nilimwapisha. Lakini matokeo bado, kidato cha kwanza ni Januari, na miezi hii ya katikati ndiyo wanayoivizia. Mkubwa yeyote hapa anajua kumwoa mwanafunzi ni miaka 30 jela. Basi wanasema, huyu kamaliza, si mwanafunzi wa mtu. Baba mdogo wake ameshapokea mshenga. Mwoaji ni mchimbaji wa dhahabu Chunya, ana pikipiki mbili na meno yote, ndivyo walivyomsifia. Binti anatimiza miaka 15 tarehe 3 Desemba, na baba mdogo anaijua tarehe hiyo kuliko birthday yake mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu msichana wa 15 wazazi wakiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikipinga kifungu hicho, akaishinda serikali Mahakama Kuu Julai 2016, ikapewa mwaka mmoja irekebishe, ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Kifungu bado kipo, na mwenyekiti wa kitongoji anakitaja kwa namba.

Nami nimekisoma. Sheria hiyohiyo inasema baba akiwa amefariki, ridhaa ni ya mama. Baba mdogo hana kalamu hapo. Mama alipolisikia hilo aliniomba nimsomee mara ya pili, akasema hatatia dole gumba. Lakini anaishi kwenye kiwanja cha ukoo, na wakimjia wanaume watano usiku sijui atasimama mpaka saa ngapi.

Kwa hiyo, unaweza kukaa na mtoto hapo Mafinga hadi wiki ya kwanza ya Januari? Sikuletei dada wa kazi, tuelewane. Atasaidia kama mtoto wa nyumbani anavyosaidia, basi, na ukiweza mwonyeshe cherehani. Sare nitashona mimi. Mama yake ataandika barua ya kumruhusu, nitaipitisha kwa mtendaji ili asije mtu akasema nimemtorosha. Nauli ninayo. Nitampandisha mwenyewe pale Uyole basi la saa kumi na mbili asubuhi, nawe umpokee stendi. Anakula kila kitu ila mlenda hapendi, na usiku anaogopa giza, usimcheke.

Mzee wako mwambie nitamletea parachichi. Nijibu kwa simu neno moja tu, njoo au subiri, maana mshenga anarudi tarehe 25 na ng'ombe wawili wameshaonyeshwa.

Wako,
Tumpe