Presha ya mjamzito ikipanda, msiisingizie baridi

Ndugu Mhariri,

Baridi ikishaingia huku Njombe na Makete, maneno ya kliniki ni yale yale: "Presha imepanda kidogo, ni baridi tu." Dar es Salaam nako, Februari, husemwa: "Miguu imevimba, ni joto tu." Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake, ndiyo maana zinapoteza watu. Tunaomba nafasi tufafanue.

Baridi hubana mishipa midogo ya damu, presha ikapanda. Joto huilegeza, ikashuka. Mimba nayo ina mwendo wake: kwa kawaida presha hushuka kufikia katikati ya mimba, kisha hupanda taratibu kuelekea kujifungua. Chukua mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilikuwa katikati ya Oktoba. Mwanzoni mwa Machi ana wiki 20, baridi haijaingia, kipimo kinasoma chini. Mwishoni mwa Juni ana wiki 36, na baridi ndiyo hiyo. Akitoka 100/60 akafika 125/75, huenda ni hayo mawili yamekutana. Akifika 140/90, suala la baridi limekwisha: apimwe tena baada ya muda wa saa nne, na mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo. Ikisoma 160/110, rudia ndani ya dakika 15. Ikibaki hapo ni dharura, iwe Julai au Desemba.

Watafiti wamelitazama jambo hili. Norway, waliojifungua Agosti, ambao kule ni wakati wa joto, walikuwa na kifafa cha mimba (ugonjwa wa presha ya mimba unaoweza kuleta degedege) kidogo kuliko waliojifungua Desemba, wakati wa baridi. Kinshasa kimeonekana zaidi wakati wa kiangazi, ambao kule ndio msimu wa ubaridi; Mumbai, degedege lake liliongezeka msimu wa mvua. Lakini msimu hauji na baridi peke yake. Unakuja na jua pungufu, malaria, na chakula kilichobadilika. Chanzo chenyewe kiko kwenye kondo la nyuma ambalo halikujishikiza vizuri tangu miezi ya mwanzo, na hilo koti halilizuii.

Kinachotusumbua zaidi ni upimaji wa msimu wa baridi. Mama amepanda mlima kwa miguu, amevaa sweta mbili, anaketi na kupimwa papo hapo juu ya nguo. Au sweta inakunjwa mpaka mkono unabanwa. Namba inayotoka hapo haina maana. Avue mkono mmoja kabisa, aende haja ndogo kwanza (kibofu kilichojaa hupandisha presha), akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, kipimo hupanda. Mkono wenye mzingo unaozidi sentimita 33 unahitaji mkanda mkubwa. Mkanda mdogo humpa mama mnene presha asiyokuwa nayo. Akiwa ametoka kunywa chai ya rangi au kahawa, asubiri nusu saa.

Joto lina mtego tofauti. Mama anayetumia metildopa, dawa ya kushusha presha, anasikia kizunguzungu mchana, anapimwa 110/70, anaambiwa amepona, anaacha vidonge. Wiki chache baadaye presha inarudi juu zaidi. Dozi ibadilishwe na aliyemwandikia, si na jua. Kuhusu uvimbe: miguu inayovimba jioni na kupungua asubuhi ni jambo la kawaida kwenye joto. Uso uliovimba alfajiri, au pete iliyokuwa ikitoka wiki iliyopita na leo haitoki, si joto, aende akapimwe. Tafadhali, wenye maduka ya dawa, msimuuzie vidonge vya kukojoza maji. Mwenye kifafa cha mimba huvimba huku damu kwenye mishipa ikiwa imepungua ujazo, na vidonge hivyo huipunguza zaidi.

Mvua za masika, kwa maoni yetu, hudhuru kuliko baridi na joto, kwa sababu hukata barabara. Ratiba ya sasa ya kliniki ina hudhurio la wiki ya 26, ya 30 na ya 34. Akikosa la 30, amekaa wiki nane bila mtu kumpima, nazo ni wiki ambazo ugonjwa huu unaweza kuanza na kukomaa. Mama wa aina hiyo apimwe popote penye mashine nzuri, hata kwa mhudumu wa afya wa kijiji, na namba iandikwe kwenye kadi pamoja na tarehe. Kichwa kikiuma bila kupoa, macho yakiona giza au vimulimuli, au maumivu yakishika chini ya kifua upande wa kulia, asisubiri mvua ikatike.

Zahanati nazo zihesabu magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, kabla ya Machi. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa, taratibu, na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila tako. Itolewe hapo zahanati, kabla gari la rufaa halijaingia kwenye tope. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo dawa ya kuipinga ikizidi, iwe kwenye trei hiyo hiyo.

Wakunga, Njombe