Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wazazi: Watoto Wetu na Msimu wa Baridi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka kabla ya uchaguzi wa kamati mpya. Safari hii nimeiomba kamati iniruhusu nisipite juu juu kwenye kila shughuli. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Ukarabati wa maktaba umekamilika, na maelezo yake yamo katika kumbukumbu za mikutano alizowagawia katibu. Mimi nataka tuzungumzie baridi, kwa sababu ndiyo iliyotuelemea kuliko jambo lolote mwaka huu, na msimu mwingine umeshabisha hodi.

Mnazikumbuka zile wiki mbili za katikati ya msimu uliopita. Mafua yalianzia darasa la pili, yakashuka darasa la kwanza kupitia kwa wadogo zao, na muda si mrefu walimu nao wakaanza kuugua. Kamati ilipoketi kutafakari, mjumbe mmoja aliuliza ni familia gani iliyoleta mtoto mgonjwa shuleni. Niliomba swali hilo tuliache, na leo nawaeleza sababu.

Asubuhi moja katika wiki hizo mwanangu aliamka mwili unachemka. Nilikuwa na kazi ambayo sikuona namna ya kuiacha. Nikampa dawa ya kushusha homa, akachangamka, nikajiambia amepona, nikampeleka. Saa nne mwalimu akanipigia simu: dawa imeisha nguvu, homa imerudi, mtoto kalala juu ya dawati. Siku tatu baadaye rafiki yake anayekaa naye hakuja shule. Siwezi kuthibitisha kwamba aliambukizwa na mwanangu, lakini jambo hilo limenikaa moyoni. Najua pia kwamba si mimi peke yangu niliyefanya hivyo, na hakuna kati yetu aliyefanya kwa ubaya. Mzazi anayempeleka mtoto mgonjwa shuleni mara nyingi ni mzazi aliyekosa pa kumwacha.

Ndiyo maana nusu ya kazi yetu mwaka huu ilikuwa kumwezesha mzazi ambakishe mtoto nyumbani. Kumhimiza tu bila kumshika mkono kusingefaa kitu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuiondoa ile zawadi ya mtoto asiyekosa shule hata siku moja. Umoja huu umeitoa kwa miaka mingi, na baadhi yenu hamkufurahi ilipofutwa. Nawaelewa, kwa sababu mahudhurio ni jambo zito. Lakini tulisikia kwa masikio yetu watoto wakiwaficha wazazi wao kwamba koo linauma, wasije wakaikosa zawadi. Mtoto wa miaka saba hapaswi kuchagua kati ya kusifiwa na kupumzika. Nashauri kamati ijayo isiirudishe.

La pili ni familia wenza. Tulilijaribu kwa madarasa matatu ya chini. Kila familia iliunganishwa na nyingine inayokaa karibu nayo. Mtoto mmoja akiugua, familia mwenza inamchukua ndugu yake mzima, inampeleka shule na kumrudisha, na jioni inapitisha madaftari pamoja na kazi aliyotoa mwalimu. Mahali pengine mambo yalikwenda vizuri, pengine watu waliaibika kupiga simu. Tulichojifunza ni kwamba familia zilizokutana ana kwa ana kabla ya msimu kuanza ndizo zilizosaidiana. Zile tulizoziunganisha kwa karatasi tu, karatasi ikabaki karatasi. Mwaka ujao tuanze kwa kukutanisha watu.

Sasa, mtoto abaki nyumbani lini na arudi lini? Kanuni tuliyokubaliana na Mwalimu Mkuu ndiyo inayotumika katika shule nyingi duniani: mwenye homa arudi baada ya kukaa saa 24 bila homa, na bila kupewa dawa ya kuishusha. Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyoyapuuza mimi. Dawa inashusha joto la mwili, haiondoi virusi. Aliyetapika au kuharisha akae nyumbani saa 48 tangu mara ya mwisho. Mafua mepesi yasiyo na homa, mtoto anacheza na kula kama kawaida, hayo hayamzuii kuja. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au zaidi baada ya mengine yote kwisha. Tukisema kila anayekohoa abaki, madarasa yatabaki matupu.

Wapo wanaoamini kwamba baridi yenyewe ndiyo inayoleta mafua. Mafua huletwa na virusi, na aina zake zimepita 200. Baridi inachangia kwa njia nyingine: inatusukuma ndani, tunafunga madirisha, tunapumua hewa ileile, na hewa kavu inavipa virusi vya homa ya mafua, yaani influenza, iliyo kali kuliko mafua ya kawaida, nafasi ya kuishi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo dirisha ni sehemu ya tiba. Walimu walilalamika, kwa haki kabisa, kwamba darasa likiwa wazi kutwa watoto wanatetemeka. Tukafikia mwafaka: madirisha yote yanafunguliwa watoto wanapotoka mapumziko, na yanafungwa kabla hawajarudi. Fanyeni vivyo hivyo nyumbani, dakika chache asubuhi na jioni.

Kunawa mikono mmeshakusikia mpaka mmechoka, nitataja mawili tu. Sabuni ikae mikononi sekunde 20, na mtoto hufika hapo kwa urahisi akiimba wimbo mfupi. Na ule ugonjwa wa kutapika unaovuma msimu wa baridi, unaoletwa na norovirusi, hausikii sana vitakasa mikono vyenye pombe. Kwake yeye ni maji na sabuni.

Kuhusu homa ya mafua, chanjo yake hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi vyake hubadilika. Hutolewa kuanzia umri wa miezi sita, na mwili huhitaji kama wiki mbili kujijengea kinga, kwa hiyo msingoje mpaka jirani augue. Mwenye mtoto wa pumu naomba alione hili kuwa la haraka, na ahakikishe mwalimu wa darasa anajua dawa ya kuvuta iko wapi na inatumikaje. Antibayotiki haziui virusi. Msimshinikize daktari aziandike. Aspirini asipewe mtoto bila agizo la daktari, kwa kuwa kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi inaweza kuhusika na ugonjwa adimu lakini hatari wa ini na ubongo. Na mtoto akipumua kwa kasi au kwa shida hadi mbavu zikivutwa ndani, midomo ikigeuka rangi, akikataa kunywa chochote, au akiwa mzito kuamka, hapo msitafute ushauri kwa jirani wala kwangu. Mpelekeni hospitali wakati huohuo.

Nije kwenye makoti, jambo lililonifundisha mengi kuliko yote mwaka huu. Tuliweka sanduku la nguo za baridi karibu na ofisi ya shule: makoti, sweta, kofia, glavu, vyote safi. Wiki ya kwanza hakuna aliyechukua hata soksi, na bado tulikuwa tunawaona watoto wamejikunja uwanjani. Mwalimu mmoja ndiye aliyetufumbua macho. Mtoto hataki kuonekana mbele ya wenzake akichukua nguo ya msaada, na mzazi wake hataki zaidi. Tukaliondoa sanduku, tukatangaza siku ya kubadilishana nguo: kila familia ilete kilichombana mtoto wake, iondoke na kinachomtosha. Kila mtoto anarefuka, koti la mwaka jana limembana wa mwenye nacho na wa asiye nacho. Meza zilibaki tupu kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyeulizwa amekuja na nini.

Nguo tatu nyepesi zilizopandana humhifadhia mtoto joto kuliko moja nzito, na anaweza kupunguza moja akitoka jasho. Soksi zikilowa zibadilishwe, kwa hiyo jozi ya akiba ikae kwenye mkoba. Na ndani ya gari, koti nene livuliwe kabla ya kumfunga mtoto mkanda, kisha afunikwe nalo juu. Likibaki ndani huacha nafasi kati ya mkanda na mwili, na ajali ikitokea mkanda haumshiki sawasawa.

Lipo moja ambalo naomba kila aliyemo humu alibebe hadi nyumbani. Msiwashe jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba joto, wala jenereta, hata kwa muda mfupi, hata dirisha likiwa limeachwa wazi kidogo. Hewa ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakahisi kizunguzungu na kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, basi wote wabaki nje na msaada uitwe. Wanaoweza kuweka kifaa cha kutambua hewa hiyo, wakiweke karibu na vyumba vya kulala.

Walimu wametuomba tuzungumzie pia hali ya moyo. Siku zinapokuwa fupi watoto hucheza kidogo, hukaa mbele ya skrini zaidi, hulala kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na angalau dakika 60 za kukimbia na kuruka kila siku. Watoeni nje hata kukiwa na baridi, hasa asubuhi, kwa kuwa mwanga wa mchana ndio unaoipanga saa ya mwili. Huzuni ya mtoto si lazima ije na machozi. Huja kwa hasira, kwa tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, kwa kuacha mchezo alioupenda. Likidumu wiki mbili, zungumzeni na mwalimu, kisha na mtaalamu.

Na ninyi wazazi pia. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka mwanga unaporudi. Ni ugonjwa unaotambulika na una tiba. Mwaka huu wanachama wawili walinijia faraghani na kuniambia wanazama. Nilifurahi kwamba walikuja. Ninasikitika nikifikiria ambao hawakuja.

Kwa hiyo ninaleta maombi matatu tuyaamue leo: familia wenza iende hadi darasa la mwisho, na mkutano wa kufahamiana ufanyike kabla baridi haijaanza; siku ya kubadilishana nguo iwe mara mbili kwa mwaka; na kanuni ya saa 24 ichapishwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mawasiliano la kila mtoto. Fomu za familia wenza ziko kwa katibu. Waliobadilisha namba za simu waandike mpya kabla ya kuondoka, kwani msimu uliopita tuliwapigia wazazi kadhaa na simu hazikupatikana, huku watoto wao wakiwa na homa ofisini.

Naomba kuwasilisha.