Barua kwa mwanangu anayekwenda Goma

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi hapa Kasulu hatujambo, ila tangu uliponiambia ofisi yenu ya habari inakutuma Goma, mashariki mwa Kongo, usingizi umeniruka. Risasi naziogopa, sitakuficha. Lakini linaloniumiza zaidi ni mahali utakapoanzia habari ya watu wale.

Taarifa yako ya mwezi uliopita niliisikiliza yote, nikawaita na majirani. Sauti imetulia, nilijivuna. Lakini mama, ulisema “vita vya kikabila vilivyozuka upya mwaka 2021,” ukapita. Vilizuka upya kutoka wapi? Asiyejua lolote amebaki akidhani watu wanauana kwa sababu ya majina yao tu.

Ungeitaja Masisi, wilaya ile ya karibu na Goma, hata kwa sentensi moja. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji, waliotawala pande zote mbili za mpaka, waliwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaweka kule, wengi wafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Ardhi ile ilikuwa ya Wahunde, na hapo ugomvi wa mwenyeji na mgeni ukapata mizizi. Rutshuru, wilaya jirani, nako wasemaji wa Kinyarwanda walikuwako hata kabla wakoloni hawajachora mpaka, lakini wote wakatiwa kapu moja la wageni. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikawapa wengi wao uraia, mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta. Mtu analala raia, anaamka mgeni! Mwaka 1993 Masisi ikawaka, na hapo mauaji ya kimbari ya Rwanda yalikuwa bado.

Ndiyo maana hata wanaoanzia 1994 nawaona wamechelewa, ingawa mwaka ule hauwezi kurukwa. Wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma Julai, wauaji wakiwa na silaha katikati yao, na dunia ikawaacha wajipange pale pale mpakani. Vita vya Kongo vilivyofuata 1996, na wakimbizi waliofika huku kwetu katika kambi ya Nyarugusu, unavijua.

Wala usikimbilie madini kana kwamba yanaeleza kila kitu. Koltani ya Rubaya, madini yale yanayotumika kwenye simu, inalisha vita, ni kweli, na waasi wa M23 waliishika Rubaya mwaka 2024. Lakini waliokufa 1993 hawakufa kwa ajili ya simu za mkononi.

Nisikie vizuri: historia isimfiche anayeua leo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba wanajeshi wa Rwanda wako pamoja na M23, na Kigali inakana. Liseme hivyo hivyo. FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali ya Kongo, nao uwataje kwa matendo yao. Kila upande utakupa mwaka wake wa kuanzia, mmoja 1994, mwingine 1996, na ukiupokea bila kuuliza umeshampokea na mkosaji wake.

Utaniambia mhariri anakupa dakika mbili. Sekunde kumi zinaitosha Masisi. Wewe una kichwa cha kuzitumia, ndiyo maana nakusumbua, mwingine ningemwacha.

Na simu upokee. Siku tatu nakupigia, kumbe unaongea na dunia nzima isipokuwa mama yako.

Pesa uliyotuma tumenunua mabati ya jikoni, fundi amebakiza upande mmoja. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe, lakini chumvi haachi. Mdogo wako anaanza mtihani wa kidato cha nne na hasemi anaogopa, mwandikie.

Kabla hujavuka mpaka nitumie namba ya mtu mmoja mnayefanya naye kazi. Usipite barabara usiku kwa sababu ya picha. Na ukikutana na mzee wa Masisi, usimuulize nani alianza, muulize shamba lao lilikuwa wapi na nani analilima sasa.

Koti lako la mvua nimelituma kwa basi la Dar, lifuate stendi Jumamosi. Goma usiku kuna baridi.

Mama yako