Kitufe cha "Wasilisha" hakionekani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa TEHAMA

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MFUMO WA MAOMBI KUTOTUMIKA KWENYE SIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari jirani na stendi, hapa Morogoro. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na tangu mfumo wenu uanze nimekuwa pia mjazaji wa fomu za watu. Kabla ya hapo nilitengeneza tovuti kwa miaka sita.

Wiki ya mwisho ya maombi aliingia binti mmoja na simu yake ya Itel, kioo kimepasuka kona. Alikuwa amekesha akijaza fomu kwa bando lake mwenyewe, akaja kuchapa nakala tu. Nikatazama akaunti yake: maombi hayajawasilishwa. "Mbona nilifika mwisho, kaka?" Nikaichukua simu. Maandishi madogo kama ya ile karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Ukivuta kwa vidole viwili ili usome, nusu ya fomu inatoka nje ya kioo. Nikasogeza kulia, nikasogeza tena, ndipo "Wasilisha" ikajitokeza, kwenye kona ambayo asiyeelekezwa hana sababu ya kwenda. Yeye tulimuwahi. Siku mbili baadaye dirisha likafungwa, na wawili waliokuja na shida ileile waliondoka mikono mitupu.

Jioni ile nilifungua msimbo wa ukurasa wenu. Unakosa mstari mmoja tu, ule wa "viewport", unaoiambia simu itumie upana wake halisi. Simu ikiukosa hudhani ukurasa ni wa kompyuta: huupanga kwa upana wa pikseli 980 hivi, kisha huukandamiza uenee kwenye kioo cha pikseli 360. Mstari huo peke yake hautoshi, maana jedwali la fomu nalo limepewa upana usiobadilika. Lakini dawa yake si ngeni. Tangu mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte alieleza namna ya kujenga ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe: safu zinazonyumbulika, picha zinazonyumbulika, na masharti ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa) yanayopima upana wa kioo. Ukurasa huohuo ukahudumia simu, kishikwambi na kompyuta.

Nakuomba sana, msitutengenezee programu ya kupakua badala yake. Simu za wateja wangu zimejaa, wengine hufuta picha za watoto wao ili wapate nafasi.

Ninachoomba kiandikwe kwenye zabuni ijayo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unataka ukurasa usomeke kwenye upana wa pikseli 320 bila kusogeza kushoto na kulia. Kiwekeni kipimo hicho. Sehemu ya namba ya simu ilete kibodi ya namba. Na kabla hamjapokea kazi, mkandarasi aijaze fomu yote mbele yenu kwa simu ya bei ya chini, kwa dole gumba, amesimama juani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari, Morogoro