Piko si hina, tusiwauzie watu rangi ya nywele

Mhariri,

Msimu wa harusi ukiwadia, foleni za kuchorwa hurefuka kuanzia Kariakoo mpaka Mbagala. Kila mtu na ua lake, na hatuna ugomvi na anayetaka lake liwe jeusi tii. Ugomvi wetu ni jina. Hiyo inayoitwa "hina nyeusi" ni piko: rangi ya nywele ya unga iliyokorogwa na maji, na kinachoipa weusi ni parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD.

Hina haina weusi. Rangi ya majani ya mhina hushika protini ya ngozi polepole. Ukibandua inakuwa ya chungwa, kisha inakolea kwa siku mbili hadi kahawia iliyoiva. Kiganja na wayo hukolea zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene. (Anayetaka ya begani ilingane na ya kiganjani anatafuta muujiza.) Mchoraji akikuahidi weusi ndani ya saa moja, umeshajua anakupaka nini.

Umoja wa Ulaya unataka PPD isizidi asilimia 2 katika rangi iliyokwisha kuchanganywa, tena ya nywele tu. Marekani haijairuhusu kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Bakuli la piko nani analipima? Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza huku umeshaiweka alama. Safari ijayo, baada ya siku moja hadi tatu, eneo lote la ua linaharibika: muwasho, uvimbe, malengelenge yanayofuata mistari ileile, pengine na baka la kudumu. Ndiyo maana kumjaribu mteja nyuma ya sikio kwa dakika kumi hakusaidii kitu. Na mzio huo haumtoki mtu. Kesho anaweza kudhurika hata na rangi ya nywele ya kawaida.

Hina ya kweli si kazi ngumu. Chekecha gramu 100 za unga kwa kitambaa chepesi, maana punje moja huziba koni ya kuchorea. Koroga na maji ya ndimu kama robo lita, ongeza sukari gramu 30 ili ishike ngozi isipukutike, na mafuta ya mkaratusi mililita 30. Mafuta ya karafuu yaogopeni, yanaunguza. Mafuta ya taa ndiyo kabisa msiyaguse. Funika kwa nailoni inayogusa uji wenyewe. Kwa joto la Dar, anza kujaribu baada ya saa sita: tia tone kiganjani dakika tano, likiacha chungwa, jaza koni. Zisizotumika siku hiyo ziingie kwenye friza, kwani mezani zinachacha na kufa rangi. Mteja akae nayo usiku kucha, aikwangue bila maji, asiloweshe mpaka jioni.

Watoto wachanga wasipakwe hata hina safi. Kati yao, wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda damu, upungufu ambao si haba huku kwetu pwani, chembe zao nyekundu za damu huweza kupasuka.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tunaomba kila pakiti ya piko iandikwe kwa Kiswahili, mbele, kwa herufi kubwa: NI YA NYWELE, SI YA NGOZI.

Wachoraji wa hina,
Kariakoo, Dar es Salaam